Maelezo ya zana kwa mawakala wa akili unde: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza zana ambazo wakala wa akili unde ataziita mwenyewe: kutafuta oda, kutuma barua pepe, kusoma faili, kuandika kwenye kalenda. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na yale yanayojitokeza kwa nadra. Ukikuta umeelekezwa kwenye swali jingine, jibu liko huko na hatulirudii.

## Misingi

1. Maelezo ya zana ni nini, na nani anayasoma?

Zana unayomkabidhi wakala ina sehemu tatu: jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na skima ya vigezo, yaani orodha rasmi ya thamani ambazo zana inapokea, ambayo mara nyingi huandikwa kwa muundo wa JSON Schema. OpenAI ilianza na muundo huo ilipoziwezesha modeli zake kuita funksheni Juni 2023, na itifaki ya MCP (Model Context Protocol) ya kuunganisha mawakala na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, nayo imeufuata.

Msomaji ni modeli, yaani akili unde yenyewe inayomwendesha wakala. Sehemu hizo tatu huingizwa kwenye maandishi inayoyapokea kabla ya ujumbe wa mtumiaji, na kwa kuyasoma hayo huamua kama iite zana, iite ipi, na ijaze nini. Msanidi mwenzako atayasoma pia siku ya kukagua msimbo, ila yeye akikwama atakuuliza. Modeli ikikwama hubahatisha, tena kwa kujiamini.

2. Kwani modeli haioni msimbo wa zana yenyewe?

Haioni. Funksheni yako inaweza kuwa na mistari 300 ya ukaguzi makini. Kwa modeli, zana ni yale maneno tu. Tuseme zana yako hurudisha oda za siku 90 zilizopita pekee na hukulisema hilo. Modeli itapokea orodha tupu, kisha itamwambia mteja wa miaka mitano kwamba hajawahi kuagiza kitu. Hapo usiilaumu modeli.

3. Nyaraka za API (njia ambayo programu nyingine huita mfumo wangu) ninazo tayari. Kwa nini nisizinakili tu?

Kwa sababu ziliandikiwa mtu aliyekwisha kuamua anaita nini, na sasa anataka kujua majina ya sehemu. Wakala anaanzia mbali zaidi: ana sentensi ya mtumiaji, "mzigo wangu mbona haujafika?", na hajui hata kama kuna zana inayohusika. Nyaraka za API huwa kimya kabisa kuhusu hatua hiyo ya kuchagua.

Tena hubeba mizigo isiyo na kazi hapa: vichwa vya uthibitisho, matoleo ya API, misimbo ya HTTP. Hayo hushughulikiwa na programu yako na modeli haiyagusi. Chukua kutoka humo ukweli kuhusu mipaka na vipimo, mengine yaandike upya.

4. Maelezo yawe na urefu gani?

Nyaraka za Anthropic zinashauri sentensi tatu hadi nne au zaidi kwa kila zana, na zana ngumu iongezewe. Nakubaliana nao. Karibu kila maelezo mabovu ninayoyaona kosa lake ni ufupi. Hebu linganisha. Hii ndiyo hali ya kawaida:

> Hutafuta oda.

Na hii ndiyo zana ileile ikiwa imeelezwa:

> Hutafuta oda za mteja mmoja na kurudisha zisizozidi 20, mpya zikitangulia. Itumie mtumiaji anapoulizia oda bila kutaja namba yake, kwa mfano "ile oda yangu ya wiki iliyopita". Akitaja namba, tumia `soma_oda`. Huona oda za siku 90 zilizopita pekee, kwa hiyo orodha tupu haina maana kwamba mteja hajawahi kuagiza. Haionyeshi mzigo ulipo. Kwa hilo tumia `fuatilia_mzigo`.

Kila sentensi pale inaziba kosa fulani mahususi. Hicho ndicho kipimo changu cha urefu: sentensi ambayo ukiifuta hakuna kosa linaloongezeka, ifute.

Kumbuka pia kwamba maelezo haya husafiri na kila ombi na hulipiwa kwa tokeni, vile vipande vya maandishi ambavyo modeli huvisoma. Mifumo mingi hupunguza gharama hiyo kwa kuhifadhi mwanzo wa maandishi usiobadilika, na zana hukaa hukohuko mwanzoni. Ukiweka kitu kinachobadilika ndani ya maelezo, mathalani tarehe ya leo au jina la mtumiaji, hifadhi hiyo inavunjika.

## Majina, na kuchagua zana sahihi

5. Jina la zana lina uzito gani?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndilo linalojirudia kwenye historia ya mazungumzo kila zana inapoitwa. Tumia kitenzi na kitu kinachotendwa: `tuma_barua_pepe`, `futa_faili`. Majina kama `shughulikia` au `meneja_data` hayasemi lolote. Ikiwa zana zinatoka kwenye mifumo kadhaa, tanguliza jina la mfumo (`kalenda_tafuta`, `barua_tafuta`) zisigongane. Herufi, tarakimu, mstari wa chini na kistari zinakubalika karibu kila mahali. Nafasi na alama nyingine huleta matatizo.

6. Nina zana mbili zinazofanana na wakala huzichanganya. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo nambari moja, na kwa kawaida watu hulitibu vibaya: huirefusha zana moja na kuiacha nyingine kama ilivyo. Mkanganyiko uko kati ya zana mbili, kwa hiyo dawa lazima iwekwe pande zote mbili. Kila moja itaje nyingine kwa jina na iseme mpaka ulipo. `tafuta_wateja` iseme: "Itumie ukiwa na jina au barua pepe. Ukiwa tayari na `mteja_id`, tumia `soma_mteja`." Na `soma_mteja` iseme kinyume chake.

Mpaka huo uwe kitu ambacho modeli inaweza kukiona ndani ya mazungumzo. "Tumia hii kwa utafutaji wa kina" haukati chochote, maana hakuna anayejua kina kinaanzia wapi. "Tumia hii kama mtumiaji ametaja zaidi ya kigezo kimoja" unakata.

Kuna jaribio rahisi. Mpe mwenzako asiyeujua mfumo maelezo ya zana zote mbili pamoja na maombi kumi ya watumiaji, aseme kila ombi liende wapi. Akisitasita kwenye matatu, usitegemee modeli ifanye vizuri zaidi. Ukiandika upya mara mbili na bado anasitasita, basi hizo ni zana moja iliyokatwa vibaya. Ziunganishe.

7. Je, niseme pia zana isitumike lini?

Ndiyo, ila kwa makosa yanayotokea kweli. Modeli ina hamu ya kusaidia. Ikiona zana ya `tafuta_mtandaoni` itaiita hata kwa swali ambalo jibu lake liko kwenye aya iliyotangulia. Sentensi moja ya kukataza, yenye mfano, hutosha. Ukiorodhesha makatazo kumi na mawili ya kubuni, utafukia yale mawili yenye maana.

8. Kuandika LAZIMA na KAMWE kwa herufi kubwa kunasaidia?

Husaidia mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Modeli za sasa hufuata maelekezo kwa ukaribu. Zana iliyoandikwa TUMIA HII KWANZA KILA MARA itaitwa hata mtumiaji akitoa salamu tu. Toa sababu badala ya kupaza sauti: "Angalia salio kabla ya kuanzisha malipo, kwa sababu malipo yasiyo na salio hufunga akaunti kwa saa 24." Modeli ikijua sababu, hata hali usiyoitaja itaiamulia vizuri. Herufi kubwa ziwekee jambo moja, lile ambalo likikosewa halirekebishiki (tazama swali la 15).

## Vigezo

9. Kila kigezo kinahitaji maelezo yake?

Karibu kila kimoja. Andika maana, muundo, na mfano mmoja wa thamani halisi. Pale ambapo thamani zinazokubalika ni chache na zinajulikana, ziorodheshe kwenye skima kwa `enum` (orodha funge ya thamani) badala ya kuzieleza kwa maneno. Modeli itachagua mojawapo badala ya kutunga yake. Kisha eleza kila thamani ina maana gani. `hali: wazi, imefungwa, imesitishwa` inaonekana kujitosheleza mpaka mtu aulize kama oda iliyositishwa ni wazi au imefungwa.

10. Tarehe, saa na fedha huharibika kila mara. Niziandikeje?

Weka kipimo ndani ya jina la kigezo. `muda_sekunde` na `kiasi_senti` huzuia makosa ambayo aya nzima ya maelezo haiyazuii, kwa sababu jina liko mbele ya macho wakati thamani inaandikwa.

Kwa tarehe, dai muundo wa ISO 8601, yaani mwaka-mwezi-siku. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa wengine na Machi 4 kwa wengine. 2025-04-03 haina ugomvi. Saa iambatane na ukanda wake, na useme kinachotokea usipotajwa. Mihuri ya muda ya Unix (muda unaohesabiwa tangu 1 Januari 1970) iepuke kwenye zana zinazojazwa na modeli: sekunde na milisekunde hutofautiana mara 1,000, na muhuri wa mwaka 2025 ulioandikwa kwa milisekunde ukisomwa kama sekunde utaweka mkutano zaidi ya miaka 50,000 mbele.

Fedha zina mtego wake. "Kiasi katika senti" kinafaa hadi utakapokutana na yeni ya Japani, isiyo na senti, au dinari ya Kuwait, inayogawanywa mara 1,000. Ukishughulika na sarafu nyingi, andika "kiasi katika kipimo kidogo kabisa cha sarafu husika", dai msimbo wa herufi tatu wa ISO 4217 kwenye kigezo cha pili, na toa mifano ya aina zote mbili.

11. Wakala anabuni vitambulisho visivyokuwepo. Kosa ni la maelezo?

Mara nyingi ndiyo. Mtumiaji ameandika "nionyeshe oda za Asha". Skima inadai `mteja_id`, na hakuna mahali palipoandikwa kitambulisho kinatoka wapi. Unachokikuta kwenye logi, yaani kumbukumbu za yale aliyoyafanya wakala, ni hiki:

`tafuta_oda(mteja_id="12345")`

Modeli imebanwa: kigezo ni cha lazima, kwa hiyo imeweka kitu chenye sura ya kitambulisho. Ifungulie njia: "`mteja_id`: hupatikana kwenye matokeo ya `tafuta_wateja`, na huanza na `mt_`. Usikikisie. Usipokuwa nacho, ita `tafuta_wateja` kwanza, au muulize mtumiaji." Kile kiambishi `mt_` kina kazi mbili: modeli hutambua thamani isiyofaa, na seva yako huikataa mapema.

12. Vigezo vya hiari je?

Sema kinachotokea kigezo kikiachwa: "kisipotajwa, matokeo ni 20". Ukitumia hali ya ukali ya OpenAI (`strict`), inayoilazimisha modeli kufuata skima kikamilifu, vigezo vyote hulazimika kuwa vya lazima, na uhiari huonyeshwa kwa kuruhusu `null`. Basi eleza `null` inamaanisha nini. Vigezo vya hiari ambavyo hakuna aliyewahi kuvitumia viondoe.

## Kinachorudi

13. Nieleze pia zana inarudisha nini?

Eleza kwa ufupi, kwa kuwa modeli hupanga hatua ya pili kabla ya kuona matokeo ya kwanza. Taja mambo yanayoathiri mpango huo: matokeo yana kurasa au hayana, yamepangwaje, yana vitambulisho vinavyohitajika na zana nyingine au la. Muundo mzima wa JSON usiunakili. Modeli itauona wenyewe ukirudi.

14. Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo?

Ndiyo, na ndiyo sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote, kwa kuwa hufika wakati modeli inaamua ijaribu tena au iache. "Hitilafu 400" huzaa jaribio lilelile mara tatu. Linganisha na huu:

> `tarehe_mwanzo` (2025-06-10) iko baada ya `tarehe_mwisho` (2025-06-01). Zibadilishane nafasi au acha `tarehe_mwisho` ili kutafuta hadi leo.

Taja kilichopokelewa, kasoro yake, na hatua inayofuata. Na ikiwa kurudia hakutasaidia, mathalani ruhusa imekosekana, liseme hilo waziwazi ili wakala amrudie mtumiaji badala ya kuzunguka palepale. Ukiwa na ujumbe wa namna hii unaweza kufuta nusu ya tahadhari kwenye maelezo yenyewe.

## Zana zenye madhara, na usalama

15. Zana inayofuta, kutuma au kulipa niielezeje?

Anza na athari, kabla ya kitu kingine: "Hufuta faili moja kwa moja, hakuna kapu la taka wala njia ya kuirejesha." Maji yakimwagika hayazoleki, na modeli haina namna ya kujua yapi ni maji. Kisha sema kinachotakiwa kabla ya kuiita, kwa mfano mtumiaji awe ametaja faili hilo kwa jina. Eleza pia kama kuiita mara mbili kuna madhara: zana ya kutuma ujumbe inayorudiwa baada ya mtandao kukatika hutuma ujumbe wa pili.

Hata hivyo, maelezo si kufuli. Kibali cha binadamu kiwekwe ndani ya programu, mahali ambapo modeli haiwezi kukiruka.

16. MCP ina alama kama `readOnlyHint` na `destructiveHint`. Hazitoshi?

Ni za programu inayoendesha wakala zaidi kuliko modeli. Huisaidia kuamua lini iombe kibali. Zijaze kwa ukweli. Itifaki yenyewe inaziita vidokezo, na inaonya kwamba zisiaminiwe zikitoka kwenye seva usiyoiamini. Athari iandikwe kwenye maelezo pia.

17. Nikichukua zana za watu wengine, niyaamini maelezo yao?

Yasome kwanza, yote, hadi herufi ya mwisho. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha shambulio waliloliita kutia sumu kwenye zana: zana ya kujumlisha namba mbili ambayo maelezo yake yalificha amri ya kusoma faili za siri za mtumiaji na kuzipitisha kwenye kigezo cha ziada. Mtumiaji aliona kikokotoo tu. Modeli ilisoma amri.

Tena maelezo yanaweza kubadilika baada ya wewe kuyakubali, kwa sababu seva ndiyo inayoyatoa kila mara. Hifadhi nakala uliyoikagua, na programu ikatae au iulize yakitofautiana nayo.

## Ya pembezoni

18. Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Modeli kubwa huelewa maelezo ya Kiswahili. Zimefunzwa kwa Kiingereza kingi zaidi, na maandishi yaleyale ya Kiswahili kwa kawaida hula tokeni zaidi, kwa hiyo ukiwa na zana nyingi tofauti hiyo utaiona kwenye gharama. Kwangu lililo muhimu ni lugha moja kwa zana zote, na mifano ya maombi iwe kwa lugha ambayo watumiaji wako huandika.

Kama watumiaji ni wa Kiswahili, zana yoyote inayopokea saa iongezewe sentensi: "Mtumiaji akisema saa tatu asubuhi anamaanisha 09:00." Pasipo hiyo, kuna siku mkutano utawekwa saa 03:00 usiku wa manane.

19. Nina zana 60. Maelezo mazuri yatatosha?

Hayatatosha peke yake. OpenAI inapendekeza chini ya 20 kwa wakati mmoja, kama kadirio tu. Wape mawakala tofauti makundi tofauti, au tumia mfumo unaozificha zana hadi zitafutwe. Kwa mfumo wa namna hiyo maelezo hugeuka kuwa maandishi ya kutafutwa: yawe na maneno ambayo mtumiaji angeyatumia, si majina ya ndani ya idara yenu.

20. Nitajuaje kwamba maelezo yameboreka?

Kusanya maombi halisi, na uhakikishe yamo yasiyohitaji zana yoyote. Hayo ndiyo husahaulika. Kwa kila moja andika zana inayotarajiwa na vigezo vyake. Endesha kila ombi mara kadhaa, kwa kuwa modeli haijibu vilevile kila mara. Badilisha maelezo ya zana moja kwa wakati mmoja. Rudia yote unapohamia modeli mpya: maelezo yaliyopigiwa kelele ili modeli ya zamani isikie huilemea modeli mpya (swali la 8).

Zaidi ya alama za jaribio hilo, soma logi kwa macho yako. Jibu la mwisho linaweza kuwa sahihi huku wakala ameita zana tano pale palipohitaji moja.

21. Naweza kuiachia modeli iyaandike?

Rasimu yake huwa laini na tupu: "zana madhubuti inayokuwezesha kusimamia oda kwa ufanisi". Haijui kuhusu zile siku 90. Inafaa zaidi kama mkaguzi. Ipe maelezo yako na logi za makosa, iulize ni wapi ilipolazimika kubahatisha. Majibu yake hapo huwa ya maana.

22. Maelezo yangu yamejaa tahadhari na bado wakala anakosea. Niongeze nyingine?

Rekebisha zana. Desemba 2024 Anthropic walieleza kwamba wakala wao wa kuandika msimbo alikuwa akikosea njia za faili kila alipohama kutoka folda ya mwanzo ya mradi. Waliibadilisha zana idai njia kamili kila mara, na modeli ikaitumia bila makosa.

Pitia tahadhari zako mojamoja ukiuliza kama msimbo unaweza kuibeba. "Usitume kwa wapokeaji zaidi ya 50" iwe ukaguzi ndani ya seva, ukiambatana na ujumbe wa kosa wa aina iliyo kwenye swali la 14. "Hakikisha umeita `fungua_kikao` kwanza" ina maana kwamba zana ingeweza kufungua kikao yenyewe. "Usichanganye `id` ya oda na `id` ya mzigo" inataka majina mawili tofauti ya vigezo. Yanayobaki baada ya hapo, andika.